Fizi zimeacha kutoka damu, sasa meno yana mstari wa kahawia. Niitupe dawa hii?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36. Kwa zaidi ya mwaka fizi zangu zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki. Haikuwa damu ya kutisha. Ilikuwa kama uzi mwekundu ndani ya povu jeupe, unateremka taratibu kwenye sinki, kisha unapotea na maji. Nikauzoea. Nilikuja kushtuka siku binti yangu wa miaka 5 alipouona akaniuliza, "Mama, nani kakuumiza mdomoni?"

Nikamweleza mama mkwe, ambaye namheshimu sana na ndiye aliyenisaidia kulea hawa watoto. Akanishauri nizipumzishe fizi: niache mswaki wiki nzima, nisukutue kwa maji ya chumvi tu mpaka kidonda kipone. Nikatii. Siku niliyoushika mswaki tena, damu ilitoka kuliko mwanzo.

Ndipo nikaenda duka la dawa. Mfamasia akanipa dawa ya meno yenye stanasi floraidi, akasema itasaidia fizi na pia ile ganzi ninayoipata nikinywa kitu cha baridi. Sasa ni mwezi wa tatu. Damu imekatika, ganzi imepungua sana, nilikuwa nimefurahi. Lakini wiki iliyopita nilijimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo, nikaona nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna mstari wa kahawia, mwembamba kama wa penseli, palepale jino linapokutana na ufizi. Zamani haukuwepo.

Dada yangu akasoma boksi la dawa, akanijia juu: "Stanasi ni bati! Yaani unasugua meno kwa bati la kuezekea nyumba? Hiyo uliyonayo mdomoni ni kutu." Anataka niitupe dawa, mstari niutoe kwa mkaa na limau. Kibaya zaidi, binti yangu naye amekuwa akitumia dawa hiyohiyo. Usiku silali vizuri nikifikiri labda nimeyaharibu meno yangu na ya mtoto. Nisaidie, daktari.

Ni mimi, Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Usiitupe hiyo dawa. Na tafadhali sana, limau na mkaa visifike kwenye meno yako. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza tumalize hili la kutu, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Neno bati limewachanganya wengi kabla yako, kwa sababu kwa Kiswahili linabeba vitu viwili. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na kutu yake ni kutu ya chuma. Bati la wakemia ni metali nyingine kabisa, nyeupe na laini, iliyoitwa stannum kwa Kilatini; ndiyo maana alama yake ni Sn, na ndiko lilikotoka jina stanasi. Metali hiyo haishiki kutu kama chuma. Makopo ya vyakula hutengenezwa kwa chuma kilichopakwa bati hili ili chuma kisiliwe. Isitoshe, ndani ya dawa yako hamna kipande cha metali. Kilichomo ni chumvi yake, atomu moja ya bati iliyoshikana na mbili za florini. Kwenye maboksi mengi utaona imeandikwa asilimia 0.454, kiasi kinachotoa floraidi ya takriban sehemu 1,100 kwa kila milioni moja. Dawa nyingi za kawaida za watu wazima zina floraidi ya kiwango hicho au zaidi kidogo.

Kwa hiyo dada yako alisoma sawasawa, neno lenyewe ndilo lililompoteza. Mwambie hivyo kwa upole, maana amefanya jambo zuri ambalo wengi hatulifanyi: amesoma kilichoandikwa kwenye boksi.

Sasa kwa nini fizi zimetulia? Floraidi peke yake, iwe ya sodiamu au ya aina nyingine, kazi yake kubwa ni kulilinda jino. Ukila kitu chenye sukari, vijidudu vilivyo kwenye utando wa meno huigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi ni kali zaidi, chini ya 5.5 hivi, madini huanza kuchomoka kwenye gamba la nje la jino, enameli. Mate hufanya kazi ya kuyarudisha. Floraidi ikiwepo, madini yanayorudi hujengeka pamoja nayo na kuwa sugu zaidi kwa asidi itakayofuata. Vuta nikuvute hiyo inaendelea mdomoni mwa kila mtu, kila siku, na jino hutoboka pale ambapo kuchomoka kunazidi kurudi kwa muda mrefu.

Bati linaongeza jambo ambalo floraidi ya sodiamu haina nguvu nalo: linavibana vijidudu vyenyewe. Linavuruga namna vinavyotumia sukari, vinazaliana kwa shida na kutoa asidi kidogo, na sumu zao zinazouchokoza ufizi zinapungua makali. Ndiyo maana dawa hii imepimwa mara nyingi na kuonekana kupunguza uvimbe na damu ya fizi kuliko dawa ya floraidi ya kawaida. Hiyo ganzi nayo ina maelezo yake. Chini ya enameli kuna dentini, na dentini imejaa vijishimo vyembamba mno vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Ufizi ukishuka, vijishimo hivyo hubaki wazi. Kinywaji baridi hutikisa majimaji yaliyomo ndani yake na mshipa unashtuka. Chembechembe za bati huziba midomo ya vijishimo hivyo. Haitokei kwa siku moja, na wewe mwenyewe umeona imechukua wiki kadhaa.

Nirudi kwenye damu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea na kupoteza meno. Mama mkwe wako aliona damu akafikiri kidonda. Ni fikra ya kawaida kabisa, mtu akichubuka goti anaambiwa asiliguse. Lakini ufizi unaotoka damu kwa kuguswa na mswaki laini kwa kawaida haujachubuliwa na mswaki. Umevimba kwa sababu utando wa vijidudu umekaa ukingoni mwake, na damu imejaa pale ikipigana navyo. Ukiacha kupiga mswaki, umevipa vijidudu likizo.

Jambo hili lilishathibitishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima na kuwataka waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya siku 10 hadi 21, wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Wakarudishiwa miswaki, na katika muda wa wiki moja hivi fizi zikapona. Ulichokipata wewe baada ya wiki yako ya maji ya chumvi ni hichohicho. Maji ya chumvi hayana ubaya, yanaleta nafuu kidogo, ila hayaubandui utando na hayana floraidi.

Haya, mstari wako.

Bati lina tabia ya kushikana na salfa iliyomo mdomoni na rangi za vinywaji kama chai na kahawa, na mchanganyiko huo unaweza kuacha rangi ya kahawia juu ya jino. Juu yake, mwanangu, si ndani. Ni madoa ya nje ambayo daktari wa meno huyang'arisha kwa dakika chache. Hata dawa ya kusukutua ya kloheksidini, ambayo madaktari huiandika kwa ajili ya fizi, hufanya hivyohivyo.

Ila nimelisoma tena lile ulilosema kuhusu mahali mstari ulipo, na hapo ndipo nilipopata la kukuambia zaidi. Nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwenye ukingo wa ufizi. Nyanyua ulimi mbele ya kioo umulike tena: utaona chini yake vivimbe viwili vidogo vinavyong'aa kwa mate. Hapo ndipo mifereji ya tezi kubwa za mate inapofungukia, ikimwaga mate yenye madini mengi kwenye meno hayohayo. Kwa sababu hiyo, hapo ndipo utando unapoganda haraka na kuwa ugaga, ile gamba ngumu ambayo wengine huiita ukoga. Na ugaga una uso wenye mikwaruzo, unashika rangi kuliko jino lenyewe.

Fanya jaribio dogo. Pitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno hayo mara tu baada ya kupiga mswaki. Ukiteleza kama kwenye kioo, huenda ni doa tu. Ukikwaruza kama ukingo wa jiwe, basi dawa haijakuletea uchafu mpya. Imepaka rangi ugaga uliokuwepo miezi mingi bila wewe kuuona. Mimi nadhani hilo la pili ndilo lililo lako, kwa jinsi damu yako ilivyodumu mwaka mzima. Lakini mimi nasoma barua tu. Macho ya daktari aliyekaa mbele yako ndiyo yatakayoamua, na ndiye atakayekuhakikishia kama hakuna jino lililoanza kutoboka. Tundu la jino kwa kawaida huwa mahali pamoja, huenda pakawa laini, na chakula hunasa. Doa huenea kama mstari kwenye meno kadhaa, kama lako lilivyo.

Sasa unaona kwa nini nimekukataza limau na mkaa. Nimekwambia jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5. Limau liko karibu na 2. Ukilipaka kisha ukasugua kwa mkaa wenye chembe za kukwaruza, unalainisha enameli halafu unaikwangua, na enameli haina chembe hai za kuiotesha upya. Doa lingetoka, ndiyo, na kipande cha jino kingeondoka nalo. Ganzi uliyoiponya kwa miezi mitatu ingeweza kurudi. Nimewaona watu waliokuja na meno meupe yanayowauma hata kwa kuvuta pumzi ya asubuhi, na kwao hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda.

Kuna historia fupi ambayo itakusaidia kuielewa dawa uliyonayo. Stanasi floraidi si kitu cha jana. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Joseph Muhler na wenzake Harry Day na William Nebergall waliifanyia kazi, na ikaingia sokoni katikati ya miaka ya 1950 kama dawa ya Crest. Mwaka 1960 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliitambua kwamba inazuia meno kuoza. Lakini bati hili halitulii kwenye maji: likikaa linabadilika, linapoteza nguvu, na dawa zile za mwanzo zilikuwa na ladha kali na kuacha madoa. Mwaka 1981 Crest wenyewe walihamia floraidi ya sodiamu. Baadaye watengenezaji walijifunza kulituliza na kupunguza madoa yake, ndipo ikarudi madukani. Ladha ile ya kukausha ulimi unayoisikia bado ni ya bati. Kwa sababu hiyo angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kila unaponunua, na kifuniko kifungwe baada ya kutumia. Mrija uliokaa wazi muda mrefu au uliopitwa na tarehe hauna uhakika wa kukupa kile ulicholipia.

Tumia hivi. Mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na moja kati ya hizo iwe kabla tu ya kulala, maana usiku mate hupungua. Mswaki uwe wa nywele laini. Ulaze kidogo nywele zielekee pale jino linapokutana na ufizi, uzungushe taratibu. Kwa meno ya chini ya mbele usimamishe mswaki wima, utumie ncha yake. Ukiulaza hauingii, na ndiyo sababu ugaga hupenda kujificha hapo. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji. Najua hili ni gumu, tumekua tukisukutua mpaka kinywa kiwe kitupu. Lakini ukisukutua umeimwaga floraidi na bati pamoja na povu, kabla havijafanya kazi. Na katikati ya jino na jino mswaki haufiki kabisa. Pitisha uzi wa meno au vile vibrashi vidogo mara moja kwa siku. Siku za mwanzo huenda damu ikachungulia tena hapo. Endelea. Ikipita wiki mbili haijapungua, nenda ukaonekane.

Na kwenda kwa daktari ni lazima hata kama damu imekatika. Dawa ya meno haiwezi kuyeyusha ugaga uliokwisha kuganda, na haishuki kwenye mifuko iliyo chini ya ufizi. Uvimbe wa fizi ukiwahiwa hupona kabisa, lakini ukishuka chini na kula mfupa unaoshikilia jino, ule mfupa haurudi wenyewe. Ninachohofia ni dawa nzuri kukupa utulivu wa juu huku chini mambo yanaendelea. Omba akupime kina cha mifuko ya fizi, akukwangue ugaga, akung'arishe madoa. Baada ya kukwanguliwa unaweza kuona nafasi kati ya meno ambazo hukuzijua. Usidhani ameyapunguza meno. Ni uvimbe umeshuka na ugaga uliokuwa umejaza nafasi hizo umeondoka. Ukiwa huko, mwambie kama una kisukari katika familia, maana kisukari na ugonjwa wa fizi hupeana nguvu, na damu ya fizi ya mwaka mzima ni sababu tosha ya kupima sukari. Usaha, jino kulegea, au meno kuanza kuachana ni mambo ya kwenda leo, si wiki ijayo.

Ukiona ngozi laini ya ndani ya mashavu inabanduka kama utando mweupe, au mdomo unawasha, badilisha aina ya dawa. Kuna watu midomo yao haielewani na baadhi ya dawa za meno, na hakuna haja ya kuvumilia.

Binti yako hajaharibika. Kwa miaka 5 anahitaji floraidi, ila kiasi kiwe kama punje moja ya njegere, wewe ndiye umkamulie, na atemee mbele ya macho yako. Madoa ya floraidi ambayo watu huyaogopa hutokea wakati jino bado linajijenga ndani ya taya, kwa mtoto anayemeza floraidi nyingi kwa muda mrefu. Wewe mtu mzima meno yako yalishajengeka, madoa hayo hayawezi kukupata. Yeye bado meno yake ya ukubwani yanajengeka, kwa hiyo jambo la kuchunga kwake ni kumeza. Dawa nyingi za stanasi, hasa zinazouzwa kwa ajili ya ganzi, zimeandikwa ni za miaka 12 na kuendelea. Soma boksi lako, na kama ndivyo mnunulie yake ya watoto yenye floraidi ya sodiamu. Kwa umri wake hiyo inamtosha kabisa.

Halafu mama mkwe. Usimrudie na habari za kwamba alikosea. Muulize taratibu, siku mmekaa vizuri, kama na zake huwa zinatoka damu na amezipumzisha mara ngapi. Ushauri aliokupa huenda ndio ambao amekuwa akiufuata mwenyewe miaka yote. Akikuambia ndiyo, au akikuambia kuna jino linacheza, mchukue mwende kwa daktari siku moja wote wawili.